Je, kashene inaweza kumuua mtu wa moyo akitembea?



Leo siandiki juu ya mihogo wala juu ya mnyauko wa migomba kama mlivyonizoea. Naandika juu ya kashene, ile ambayo wenzetu wa Tanzania na Kenya wanaita barakoa, na juu ya watu wenye ugonjwa wa moyo ambao daktari amewaambia watembee kila siku. Mimi ni agronome, si munganga. Lakini niko na deni katika hii habari, na deni linalipwa.

Nianze na kosa langu. Mwezi wa 3, mwaka 2020, kesi ya kwanza ya korona ilitangazwa Kinshasa. Kisha wiki chache, sauti moja ikaanza kuzunguka kwenye simu. Mwanaume mmoja, Kifaransa kizuri, anasema kwamba mtu anayevaa kashene anakunywa sumu yake mwenyewe: ile gesi unayotoa inarudi ndani, damu inajaa sumu, moyo unasimama. Mimi nilikuwa nimemaliza lisanse karibuni, nilikuwa na vitabu vya fiziolojia ya mimea nyumbani, lakini sikufungua hata kimoja. Nilituma ile sauti kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia na nikaongeza maneno yangu: "Muwe waangalifu, hii ni ya kweli kisayansi."

Korona ilipita, mimi nikasahau. Baba mdogo hakusahau.

Baba mdogo ana tansio kwa miaka mingi. Mwishowe moyo wake ulipanuka na ukaanza kushindwa kusukuma damu vizuri. Daktari alimpa dawa, akamkataza chumvi nyingi, na akamwambia: "Mzee, tembea kila siku. Polepole, nusu saa, lakini kila siku." Akatii. Alikuwa anashuka mpaka barabara kubwa, anafuata barabara, kisha anapanda tena kwenda nyumbani. Ndipo kiangazi kikafika. Mnajua barabara zetu za udongo wakati wa kiangazi: moto moja ikipita, unakula vumbi mpaka jioni. Alikuwa anakohoa sana. Binti yake akamnunulia kashene kwenye farmasi. Akakataa kabisa.

"Hapana. Mutoto wa kaka yangu, ule mwenye kusoma, alituandikia kama hii kintu ni sumu kwa moyo."

Bila kashene vumbi lilimshinda. Kashene aliogopa. Basi akabaki nyumbani, kwenye kiti, miezi 3. Miguu ikavimba, akaanza kulala amekaa juu pumzi ilikuwa inakatika akilala chali. Tulimpeleka hospitali, akakaa siku 9. Siku ya kutoka, daktari akarudia neno lile lile: tembea. Baba mdogo akanigeukia, mbele ya watu wote: "Sasa wewe, munganga wa mihogo, uniambie. Ile ulituandikia ilikuwa kweli ama uongo?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata, nayaleta kwenu juu najua si familia yangu peke yake iliyopokea ile sauti.

1. Gesi inapita

Tuanze na ile sumu. Hewa tunayovuta ina oksijeni karibu 21 kwa mia. Gazi kaboniki ndani yake ni kidogo sana, kama 0,04 kwa mia. Hewa tunayotoa ina oksijeni karibu 16 kwa mia na gazi kaboniki karibu 4 kwa mia. Kwa hiyo ni kweli kwamba tunatoa gazi kaboniki nyingi kuliko ile tunayovuta. Mpaka hapo yule bwana wa sauti hakudanganya.

Alidanganya kwenye kitambaa. Kirusi cha korona kina upana wa karibu nanomita 100. Molekuli ya gazi kaboniki haifiki hata nanomita 1, na ya oksijeni vilevile. Na kirusi mara nyingi hakisafiri peke yake, kinatoka ndani ya tone la mate au la kamasi ambalo ni kubwa zaidi. Kashene inakamata matone na vumbi, lakini gesi inapita kama vile maji yanavyopita kwenye kichungio na majani ya chai yanabaki. Sisi wa kilimo tunajua jani la mmea lina vitundu vidogo ambavyo macho hayavioni, na jani linavuta hewa kupitia vitundu hivyo. Udogo wa tundu peke yake hauzuii gesi.

Kinachobaki ni ile hewa kidogo kati ya kitambaa na midomo. Hiyo kweli unaivuta tena. Lakini fikirini: mtu mzima aliyetulia anavuta kama mililita 500 kwa pumzi moja. Ndani ya hizo, karibu 150 hazifiki kwenye mapafu kabisa, zinabaki kwenye pua, koo na mabomba ya hewa, na kila mmoja wetu anazivuta tena tangu azaliwe. Kashene inaongeza kidogo juu ya hiyo. Na ukianza kutembea kwa nguvu, pumzi yako inakuwa kubwa, inaweza kufika litra 2, lakini ile nafasi chini ya kitambaa haikui. Kwa hiyo sehemu ya hewa iliyotumika inapungua kila unapopumua kwa kina zaidi. Ni kinyume kabisa na ile sauti ilivyosema.

2. Shida ya kweli: motopompi na kichujio

Basi je, kashene haina uzito wowote? Inao. Lakini uzito wake hauko kwenye sumu, uko kwenye upinzani.

Wale waliofanya umwagiliaji na mimi wataelewa haraka. Motopompi inavuta maji mtoni, na kwenye mdomo wa bomba tunaweka kichujio ili uchafu usiingie. Ukiivutisha polepole, huoni tofauti ya kichujio. Ukifungua gazi mpaka mwisho, kichujio kinaanza kupinga, na mashine inalia. Kadiri maji yanavyopita kwa kasi, ndivyo kichujio kinavyokataa zaidi. Na kichujio kikiziba kwa matope, hata kwa mwendo mdogo pompi inateseka.

Kashene ni hivyo hivyo. Mtu aliyekaa anapitisha hewa kama litra 6 mpaka 8 kwa dakika. Akikimbia kwa nguvu zake zote anaweza kupita litra 60, na wanariadha wanapita 100. Kwenye litra 8, kitambaa ni kama hakipo. Kwenye litra 60, misuli ya kifua inapaswa kuvuta kwa nguvu zaidi. Na kitambaa kikilowa jasho na mvuke, ni kichujio chenye matope.

Kwa hiyo swali "kashene ni mbaya kwa mazoezi?" halina jibu moja. Mazoezi gani? Kwa mwendo gani? Kashene ya aina gani, kavu ama yenye kulowa? Na hasa: pompi yenyewe iko na nguvu gani?

3. Moyo mgonjwa unatofautiana wapi

Moyo wa mtu mzima aliyetulia unapiga kama mara 70 kwa dakika, na kila pigo linasukuma kama mililita 70 za damu. Piga hesabu: karibu litra 5 kwa dakika, damu yote ya mwili inazunguka mara moja. Mtu mzima mwenye afya akifanya kazi ngumu, moyo wake unaweza kusukuma litra 20. Yaani ana akiba kubwa. Ukimwekea kichujio mdomoni, analipa kutoka kwenye akiba na hata hajui kama amelipa.

Mtu ambaye moyo wake unashindwa kusukuma hana akiba hiyo. Damu inachelewa kurudi, inajaa nyuma, kwenye mapafu na kwenye miguu. Mapafu yenye maji yanakuwa magumu kupanuka, kwa hiyo hata bila kashene anapumua mara nyingi zaidi kuliko wewe kwa kazi ile ile. Kuna jambo lingine ambalo sikulijua: misuli ya kupumua nayo inakula damu. Mtu mzima akifanya kazi ngumu sana, misuli hiyo inaweza kuchukua sehemu moja kwa kumi ya oksijeni yote ya mwili, au zaidi. Kwa mtu ambaye damu yake haitoshi, kile kinachoongezwa kwa kifua kinatolewa kwa miguu. Ndiyo maana mgonjwa anasema "miguu imeisha nguvu" wakati kumbe shida imeanzia juu.

Wengine shida yao ni mishipa ya moyo wenyewe, imekuwa myembamba. Akitulia damu inatosha. Akipanda mlima, moyo unaomba zaidi, mishipa haiwezi kutoa, kifua kinabana. Kwa huyo, kila kitu kinachofanya moyo ukaze mwendo kinahesabika: mlima, mzigo, baridi, hasira, na moshi pia.

4. Waliopima wamepata nini

Hapa ndipo nilipojifunza kutosoma utafiti mmoja na kukimbia kuutangaza.

Mwaka 2020, watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walichukua wanaume 12 wenye afya, wakawapandisha kwenye baiskeli ya kupimia mpaka nguvu ziishe: mara moja bila kashene, mara moja na kashene ya hospitali, mara moja na ile nene yenye kubana inayoitwa FFP2. Nguvu ya kupumua ilipungua. Kwa FFP2, kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia kilishuka kwa karibu 13 kwa mia. Kashene ya hospitali ilishusha kidogo tu. Walilalamika joto na kukosa raha.

Mwaka ule ule, watafiti wa Saskatchewan, Kanada, walipima watu 14 wenye afya, wanawake na wanaume, na baiskeli pia, mpaka kuchoka kabisa. Kashene ya kitambaa na ya hospitali hazikubadilisha muda waliovumilia, wala oksijeni ya damu, wala ya misuli.

Wanapingana? Kidogo. Leipzig walifunga kifaa cha kupimia juu ya kashene, kikaibana, na hewa haikupita pembeni kama inavyopita siku zote. Na pande zote mbili walipima watu wazima wenye afya kwenye mwisho wa nguvu zao. Baba mdogo hapandi baiskeli mpaka nguvu ziishe. Anatembea.

Utafiti ulionigusa zaidi ni wa Beijing, China, uliochapishwa mwaka 2012, miaka mingi mbele ya korona. Wagonjwa 98 wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo walitembea masaa 2 katikati ya mji, siku moja bila kashene, siku nyingine na kashene yenye kuchuja sana. Hewa ya Beijing wakati ule ilikuwa chafu sana, moshi wa magari na wa viwanda. Mkisikiliza ile sauti ya WhatsApp, hao 98 walipaswa kuanguka njiani. Haikuwa hivyo. Siku ya kashene walilalamika dalili chache, tansio yao ya wastani ilikuwa chini kidogo, 93 badala ya 96, na mashine ya kupima umeme wa moyo ilionyesha dalili ndogo zaidi za moyo kukosa damu.

Sababu ni kwamba vumbi laini na moshi haviishii kwenye mapafu. Chembe ndogo zinaingia ndani kabisa, zinawasha mwili, mishipa inakaza, tansio inapanda. Kwa mgonjwa wa moyo anayetembea kwenye barabara chafu, kashene ni mzigo mdogo unaomwondolea mzigo mkubwa. Lakini tusivuke mpaka: wale wagonjwa walikuwa wametulia na dawa zao, na walikuwa wanatembea. Utafiti ule hausemi kwamba mtu wa moyo avae FFP2 na akimbie. Hata shirika la afya la dunia, OMS, mwaka 2020 lilishauri watu wasivae kashene wakati wa mazoezi ya nguvu, bali wakae mbali mmoja na mwingine.

5. Kwa nini basi unasikia kama unakufa?

Baba mdogo aliniuliza hivyo, na alikuwa na haki ya kuuliza. "Kama gesi inapita, juu ya nini minasikia roho inakatika?"

Kwanza joto. Uso una neva nyingi sana zinazosikia hewa, na ubongo unatumia ubaridi wa hewa puani na midomoni kama alama kwamba tunapumua vizuri. Ndiyo maana feni usoni inamsaidia mtu mwenye pumzi fupi hata kama haimuongezei oksijeni. Chini ya kashene hewa ni ya moto na ya majimaji, ubongo unapokea habari mbaya hata kama damu iko sawa. Pili woga. Mtu aliyeambiwa kwamba hii kitu ni sumu, akivaa tu anaanza kuhesabu pumzi zake. Anavuta haraka haraka, moyo unakimbia, na anasema: mnaona? Hapo sina budi kusema kwamba sehemu ya ule woga nilimtumia mimi, kwa simu.

Lakini kusikia vibaya si uongo. Pumzi fupi ni alama ambayo mgonjwa wa moyo anapaswa kuiheshimu. Akisikia, apunguze mwendo au asimame. Asilazimishwe na mtoto mwenye diploma.

6. Mlima wetu ni mzito kuliko kashene

Kitu kimoja hakimo katika hizo tafiti: Bukavu yenyewe. Ziwa letu la Kivu liko karibu metra 1 460 juu ya bahari, na nyumba zetu ziko juu ya ziwa. Kwa urefu huu hewa ni nyepesi zaidi, presha yake ni kama 85 kwa mia ya ile ya pwani. Oksijeni bado ni 21 kwa mia, lakini kila pumzi inabeba kidogo zaidi ya sehemu 8 kwa kumi ya ile ambayo mtu wa Matadi anaipata. Ni kama mtu wa pwani avute hewa yenye oksijeni 18 kwa mia. Mwili wetu umezoea. Lakini ukitaka kujua nani anamnyang'anya baba mdogo oksijeni, mlima unachukua zaidi kuliko kashene ya hospitali.

Na kuna mteremko. Kutembea kwenye tambarare ni kazi moja. Kupanda kutoka barabara mpaka nyumbani kwetu, na kifuko cha viazi mkononi, ni kazi nyingine kabisa, inaweza kumaliza akiba yote.

Tulifanya jaribio letu. Si sayansi, ni jaribio la familia tu. Siku tofauti, asubuhi, njia ile ile: bila kashene, na kashene ya hospitali, na kashene ya kitenge ya vitambaa 3 ambayo mama mdogo alishona. Mimi nilikuwa nahesabu mapigo ya mkono wake. Kwenye tambarare, hakuna tofauti. Kwenye mlima, mapigo tena karibu sawa. Nikafurahi, nikasema nimeshinda.

Dada yetu mmoja katika familia ni muuguzi. Akacheka. "Kaka, anakunywa bisoprololi. Ile dawa inashikilia mapigo yasipande. Unahesabu kitu ambacho dawa imeshakifunga." Aibu kubwa! Akanifundisha kipimo cha kweli: mazungumzo. Mgonjwa akitembea na anaweza kusema sentensi nzima bila kukata, mwendo ni mzuri. Akiweza kuimba, anaweza kukaza kidogo. Akitoa neno moja moja, amepita mpaka, apunguze.

Tukarudia na kipimo hicho. Kwenye tambarare alizungumza kawaida na kashene zote. Kwenye mlima, na ya hospitali, alisimama mara 1, sawa na bila kitu. Na ya kitenge, iliyokuwa imelowa jasho, alisimama mara 3 na akaitoa mwenyewe. Kichujio chenye matope.

7. Tunachofanya sasa

Haya ni yetu, si ya kila mtu. Kila mgonjwa aongee na daktari wake, juu moyo wa huyu si moyo wa yule.

Anatoka saa 12 asubuhi, kabla moto hazijaamsha vumbi. Hiyo peke yake ilitatua nusu ya shida bila kashene yoyote.

Kwenye barabara ya vumbi, au akipita karibu na watu wanaochoma takataka, anavaa kashene ya hospitali, kavu. Ana ya pili mfukoni. Ya kwanza ikilowa anabadilisha.

Akiacha barabara na kuanza kupanda, anaitoa. Hapo hakuna moto, hakuna msongamano wa watu, na pumzi anaihitaji yote. Anapanda kwa kupumzika: hatua 20, kusimama, hatua 20.

Kwenye hospitali na pahali penye watu wengi wanaokohoa anavaa, na haendi haraka. Mtu wa moyo akipata mafua makali au maambukizo ya mapafu anaweza kurudi kitandani. Huko kashene inamlinda zaidi kuliko inavyomchosha.

Ile ya FFP2 havai kwa kutembea mlimani. Ile ya kitenge mama mdogo anaitumia akipeta mihogo iliyosagwa.

Na neno moja la kazi yangu, juu wengi wenu mko na wazazi shambani. Kashene yoyote kati ya hizi hailindi na dawa ya kunyunyizia wadudu. Inakamata matone kidogo, mvuke unapita, na kitambaa kilicholowa dawa kinaibakiza mbele ya pua. Kuna dawa za wadudu zinazoweza kupunguza mapigo ya moyo. Mzee wa moyo asibebe pompi ya litra 16 mgongoni, na kashene ama bila kashene. Kijana afanye ile kazi, na vifaa vinavyofaa.

8. Alama ambazo hazingoji

Kifua kubana au kuuma wakati wa kutembea, maumivu yanayokwenda kwenye mkono au taya, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, jasho baridi: simama, kaa chini, toa kashene, ita msaada. Yakiendelea ukishatulia, ni hospitali mara moja, msingoje kesho. Na zile za polepole: miguu kuvimba, kushindwa kulala chali, pumzi fupi hata umekaa, uzito kupanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3. Hizo za pili baba mdogo alizipata zote, na sisi tulisema ni uzee.

Wapendwa, OMS inashauri mtu mzima atembee au afanye mazoezi ya wastani dakika 150 mpaka 300 kwa wiki, na watu wenye magonjwa ya kudumu wamo katika shauri hilo, kadiri wanavyoweza. Kwa mtu wa moyo, kiti ni hatari kuliko kashene. Baba mdogo hakuangushwa na kitambaa. Aliangushwa na miezi 3 ya kukaa, na kile kiti nilimsogezea mimi.

Nilirudi kwenye kikundi cha familia. Niliandika kwamba ile sauti ya mwaka 2020 ilikuwa uongo, kwamba niliituma bila kusoma, na kwamba naomba samahani. Siku ile nilipotuma uongo, watu 14 walijibu na wengi waliupeleka mbali. Siku ya samahani alijibu mtu mmoja tu, usiku, saa 4:

"Sawa, munganga wa mihogo. Kesho saa 12. Usichelewe, na ulete kashene moja kavu."

Kama una mzazi wa moyo nyumbani, muulize leo ametembea wapi.